KUUNGA KILICHOVUNJIKA: KUTOKA JABIRA HADI RODI YA CHUMA

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Osiri, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhan)

  



Nimepewa dakika arubaini, na njaa ya saa hizi naijua, kwa hivyo sitazunguka. Walioniita walitaka nizungumzie vijana na teknolojia. Nikawaambia habari ya simu na kompyuta imezungumzwa mpaka imechosha. Hapa Osiri afadhali nizungumzie kitu kinachotugusa miilini mwetu: mifupa inayovunjika, vidonda vinavyokataa kupona, na vyombo ambavyo binadamu wamevumbua ili kuviunga na kuviponya. Mwenye shaka kama jambo hili linatuhusu, hebu atazame mkutano huu wenyewe, ahesabu wanaochechemea.

Kuna neno moja ambalo sisi tuliopita madrasa tunalijua. Katika mlango wa udhu tulisoma habari ya jabira, yaani vijiti au bandeji anayofungwa mtu aliyevunjika, na namna ya kupaka maji juu yake bila kuifungua. Ustadh alilipitia haraka, nasi tukalikariri haraka, tukaenda mbele. Nilipofika chuoni ndipo nikajua uzito wa neno lile. Jabira inatokana na jabr, kukirudisha kilichovunjika mahali pake. Na ni jabr hiyo hiyo aliyoitumia Al-Khwarizmi kule Baghdad, karne ya 9, alipoiita hesabu yake al-jabr, hii ambayo leo wanafunzi wa sekondari wanailalamikia kwa jina la aljebra. Wahispania walilichukua neno hilo kwa maana zote mbili, hata mwunga mifupa kwao akaitwa algebrista.

Na huko huko Hispania ya Waislamu, katika mji wa Cordoba, aliishi Abul-Qasim Al-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 1013. Kitabu chake Al-Tasrif kina sehemu 30, na ile ya mwisho ni ya upasuaji, ina michoro ya vyombo karibu 200. Yeye alishona ndani ya mwili kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo mwili huziyeyusha wenyewe, na nyuzi za namna hiyo zilitumika hospitalini miaka mingi sana baada yake. Nataja hilo kisha naliacha, manake tunapenda mno kujisifu kwa watu wa miaka elfu moja iliyopita, na mguu wa kijana aliyeangukiwa na mwamba jana hauungwi kwa sifa za Cordoba.

Turudi hapa kwetu. Dhahabu ya Nyatike si ya jana. Mgodi wa Macalder, hapo jirani, ulichimbwa na Wazungu mpaka ukafungwa 1966. Kampuni ikaondoka, watu wakabaki na sururu, na leo vijana kutoka Migori, Homa Bay, Kisii hadi ng'ambo ya mpaka Tanzania wanateremka mashimoni kwa kamba. Ukuta ukiporomoka, mguu ndio wa kwanza kunaswa. Na yule aliyeacha shimo akanunua pikipiki kwa mkopo hajakimbia hatari, amebadilisha tu mlango wa kuingilia wodi.

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote mwilini. Ukivunjika, misuli mikubwa ya paja hujikaza na kuvipandanisha vile vipande viwili, kimoja juu ya kingine, mguu ukawa mfupi. Damu humwagikia ndani, na yaweza kufika lita moja na zaidi bila wewe kuona tone nje. Kwa hivyo mtu huyu hafi kwa kuvunjika, hufa kwa damu na kwa jinsi alivyobebwa.

Hapo ndipo nataka muujue ukoo mmoja wa Wales, kule Uingereza. Walikuwa waunga mifupa wa kienyeji, baba kwa mwana, hawana cheti, na watu waliwafuata kwa wingi. Mmoja wao, Evan Thomas, alihamia Liverpool akawa na wagonjwa wengi hata madaktari wenye shahada wakamshtaki mahakamani si mara moja. Alichofanya mzee huyu ni akili: akawapeleka wanawe wakasome udaktari. Mmoja, Hugh Owen Thomas, aliyeishi 1834 hadi 1891, akachanganya ujuzi wa baba na elimu ya chuo, akatengeneza kifaa chepesi, pete ya chuma yenye ngozi inayokaa kwenye kinena na fito mbili zinazoteremka kando ya mguu mpaka chini ya unyayo. Mguu unavutwa na kufungwa humo, vipande vya mfupa havisagani tena.

Wakati wa uhai wake wenzake walimpuuza. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, mpwa wake Robert Jones akakipeleka kifaa kile kwa jeshi. Inatajwa kwamba mwaka 1916 askari waliovunjika paja kwa risasi walikuwa wakifa karibu 80 kwa kila 100. Kifaa kilipoenea na wabeba machela wakafundishwa kukifunga pale pale vitani, wanaokufa wakawa chini ya 20. Hakuna dawa mpya iliyoingia hapo. Ni fito mbili, pete, na mtu aliyefundishwa kufunga kabla ya kubeba.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu na sisi tuna waunga mifupa wetu. Wako wanaojua kazi, na mkono wa mtoto uliovunjika sawasawa wanaunyoosha ukapona. Siwadharau. Lakini kuna makosa mawili yanayokata miguu ya watu huku kwetu, na lazima niyaseme hadharani. La kwanza ni kukaza kamba mno juu ya uvimbe. Damu haipiti, vidole vinakuwa baridi, vinabadilika rangi, ganzi inaingia, na mgonjwa akilia anaambiwa avumilie. Ndugu yangu, maumivu yanayozidi baada ya kufungwa ni habari, si udhaifu. Saa chache tu zatosha kuua misuli, na baada ya hapo hata daktari hodari anabaki na msumeno tu. La pili ni kupaka majani na tope pale ambapo mfupa umetoboa ngozi. Huo si mvunjiko wa kuunga nyumbani hata kidogo. Hapo kuna pepopunda na usaha ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa waweza kukaa na mtu miaka kumi.

Plasta nyeupe tunayoijua sote ilitoka kwa daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, aliyeitangaza mwaka 1852. Alipaka unga wa jasi kavu kwenye bandeji, ikitiwa maji inalainika, dakika chache inakauka ngumu. Kwa mkono na kwa muundi ni neema. Kwa paja la mtu mzima plasta peke yake haitoshi, misuli inaishinda.

Basi kwa miaka mingi, paja likivunjika, dawa ilikuwa ni kulala. Binamu yangu, dereva wa bodaboda, alilala hivyo wiki tisa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Waya ulipitishwa kwenye mfupa chini ya goti, ukafungwa kamba, kamba ikapita kwenye gurudumu mwisho wa kitanda, na huko mwisho kukaning'inizwa uzito. Huendi kokote. Unakula hapo, unajisaidia hapo, unaswali kwa ishara hapo. Mfupa uliunga, alhamdulillah, ila mguu ukawa mfupi kiasi cha upana wa vidole viwili. Katika wiki hizo tisa mwenye mkopo alikuja akaichukua pikipiki, mkewe akauza mbuzi wawili, na mtoto wa kwanza akakosa muhula. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema vyuma vya mifupa ni mambo ya matajiri, mimi nahesabu gharama ya kukosa chuma.

Chuma chenyewe ni nini? Ndani ya mfupa wa paja kuna uwazi unaokaa uboho. Mjerumani Gerhard Küntscher, katika mji wa Kiel mwaka 1939, alipitisha rodi ya chuma katika uwazi ule kutoka juu hadi chini, kama unavyopitisha kijiti ndani ya vipande viwili vya mwanzi ili visimame pamoja. Wenzake Wajerumani walimshangaa, wengine walimpinga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wanajeshi wa Uingereza na Marekani waliokuwa mateka Ujerumani walirudi kwao, wakapigwa eksirei, na madaktari wakaona rodi ndefu ndani ya mapaja yao na watu wanatembea! Hivyo ndivyo habari ilivyosambaa.

Baadaye rodi ikatobolewa matundu juu na chini, ikapitishiwa skrubu kutoka upande hadi upande, ili mfupa usizunguke wala usijifupishe. Hapo ndipo sisi wa huku tukaachwa nyuma. Ukishaitia rodi ndani ya mfupa, huoni tundu liko wapi. Hospitali kubwa zina mashine ya eksirei yenye mkono wa mviringo, inamwonyesha daktari picha hapo hapo wakati anafanya kazi. Mashine hiyo ni mamilioni ya shilingi, inataka umeme usiokatika, inataka fundi. Hospitali isiyo nayo iliirudisha rodi kwenye kabati na mgonjwa akarudishwa kwenye kamba na uzito.

Daktari mmoja Mmarekani, Lewis Zirkle, aliyewahi kutumika katika vita vya Vietnam na kufundisha Asia kwa miaka, aliliona tatizo hili kwa macho yake. Mwaka 1999 huko Richland, katika jimbo la Washington, alianzisha shirika liitwalo SIGN. Rodi yao imebuniwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji kisicho na mashine ile. Nje ya mguu unafungwa mkono wa chuma ulioshikana na rodi yenyewe, na mkono huo una matundu yaliyopimwa yakae sawasawa na matundu ya ndani. Daktari anatoboa kupitia nje, anaingiza kifaa chembamba cha kupapasa mpaka anahisi ameingia kwenye tundu, kisha anatia skrubu. Kupanua uwazi wa mfupa ni kwa mkono. Umeme ukikatika, kazi haisimami.

Na rodi hizi hupewa hospitali bila malipo kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo. Sharti lao mimi nalipenda sana kuliko rodi yenyewe: daktari aandike kila upasuaji na apeleke picha za eksirei, kabla na baada, kwenye daftari lao la intaneti. Wenzake walioko mbali wanatazama, wanakosoa, na hospitali inatumiwa rodi nyingine kufidia zilizotumika. Wagonjwa waliotibiwa hivyo duniani wamepita laki tatu. Katika nchi zetu, taasisi ya mifupa ya Muhimbili kule Dar es Salaam, MOI, imekuwa miongoni mwa vituo vikubwa, na hapa Kenya Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, si mbali sana nasi, imezitumia kwa miaka mingi. Mtu aliyetiwa rodi sawasawa anaanza kusimama na magongo baada ya siku chache. Ulinganishe na wiki tisa.

Kuna kingine kidogo cha namna hiyo, na hiki ni cha wanafunzi kama sisi. Kutoboa mfupa kunataka mashine ya kutobolea, na ya hospitali ni ghali mno. Katika hospitali nyingi za Afrika madaktari walikuwa wakizungusha kwa mkono, kama fundi wa zamani, au wakitumia ile ya seremala. Miaka ya 2010 wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, wakishirikiana na madaktari waliofanya kazi Mulago, Kampala, walibuni mfuko wa kitambaa kisichopitisha vijidudu. Mashine ya seremala inatiwa ndani, mfuko unafungwa, kichwa cha kutobolea kinabaki nje, na baada ya kazi mfuko unafuliwa na kupikwa kwa mvuke kuua vijidudu, kisha unatumika tena. Mradi wa chuo, mwishowe ukawa kampuni iitwayo Arbutus. Mashine ile ya seremala iko katika kila duka la vifaa vya ujenzi Migori. Sote tulikuwa tunaiona. Waliotoka Vancouver ndio waliouliza swali.

Sasa viungo. Wengine mtasema nyonga ya bandia ni mambo ya wazee wa Ulaya. Hapa ziwani si hivyo, kwa sababu ya selimundu. Damu ya mwenye selimundu huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga, kina mishipa michache. Kikikosa damu kinakufa na kubomoka. Nimemwona msichana wa miaka 19 anayetembea kama bibi yake. Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto wa selimundu anayelalamikia nyonga au kuchechemea asiseme ni maumivu yale ya kawaida. Akapigwe picha mapema, kabla kichwa hakijabomoka, manake mapema kuna mengi ya kufanya.

Nyonga ya bandia ya leo ilikamilishwa na Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington. Mara ya kwanza alitengeneza kikombe cha nyonga kwa Teflon, ile inayopakwa kwenye sufuria zisizoganda. Ilikuwa nyororo, wagonjwa wakafurahi, akawatia karibu watu 300. Baada ya miaka michache Teflon ikasagika, ungaunga wake ukala mifupa ya watu. Charnley akaitia Teflon ile katika paja lake mwenyewe aone mwili unavyoikataa, kisha akaanza kuwafungua wagonjwa wake mmoja mmoja. Mwaka 1962 akaja muuzaji na kipande cha plastiki ngumu, poliethilini, iliyotumika kwenye mitambo ya kufuma nguo. Charnley akakidharau. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, akakiweka kwenye mashine ya kusugua bosi akiwa safarini. Mashine ikazunguka usiku na mchana kwa wiki tatu, na kile kipande kilikuwa hakijalika kiasi ambacho Teflon hulika kwa siku moja. Novemba mwaka huo huo kikaingia kwa mgonjwa. Mpaka leo, nyonga nyingi ulimwenguni ni mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ya jamii hiyo, na msingi wake ni ukaidi wa fundi.

Na chuma cha ule mpira? Mara nyingi ni mchanganyiko wenye kobalti. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia hutoka Kongo, upande wa Kolwezi. Shina linaloingia mfupani mara nyingi ni titaniamu, madini ambayo mchanga wake ulichimbwa Kwale, pwani yetu, tangu mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024, ingawa mwingi duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka nyumba. Kuna vikombe vya nyonga vyenye vitundu kama sifongo, mfupa unaota ndani yake, hivyo ni vya tantalamu, inayotoka kwenye koltani, na Rubaya kule Masisi ni mojawapo ya machimbo yake makubwa. Nawaambieni nyinyi kwa sababu ni wachimbaji. Kijana wa Kolwezi aliyevunjika nyonga shimoni huenda asiweze kununua kobalti aliyoitoa ardhini kwa mkono wake. Ardhi tunayo. Kilichokosekana ni karakana, na mtu kama Craven ndani yake.

Vidonda nitavipitia upesi, ila msivichukulie vidogo, kwani mguu mwingi hukatwa kwa kidonda wala si kwa mfupa.

Dawa ya kwanza ya kidonda ni maji safi, mengi, na sabuni. Zamani majumbani kulikuwa na chupa ya dawa nyekundu ya kupaka, meno ya mtoto yanauma akiiona. Ile nyingi yake ilikuwa merkurokromu, na ndani yake mlikuwa na zebaki, hii hii mnayokamatia dhahabu. Marekani waliacha kuihesabu kuwa salama mwaka 1998. Kwa hivyo anayedhani zebaki ina faida yoyote kwenye kidonda, asahau. Na maadamu tumeitaja, kuichoma ndani ya nyumba wanamolala watoto ni msiba wa peke yake, utahitaji siku yake.

Wengi tuliambiwa kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo kikauke. Mwaka 1962 mtafiti wa London, George Winter, alijaribu kwa nguruwe (najua mtaguna, lakini ngozi ya mnyama huyo inafanana na yetu) akakuta kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevunyevu kinafunga karibu mara mbili ya kile kilichoachwa kikauke. Kutoka hapo zikazaliwa bandeji za kisasa, utando, jeli na sifongo. Nyingine hutengenezwa kwa ngozi au mishipa ya ng'ombe, nyingine ya nguruwe. Hilo ni swali halali la kumwuliza daktari kabla, kwa adabu, maana mara nyingi ipo ya ng'ombe.

Asali kila Mwislamu anajua sifa yake. Kitaalamu, utamu wake mzito hunyonya maji kutoka kwa vijidudu, na ndani yake hutengenezeka polepole dawa ileile ya povu ya kuoshea vidonda. Mwaka 2007 Marekani waliruhusu bandeji za asali ya hospitali. Hiyo husafishwa kwa mionzi. Ya kando ya barabara, iliyochanganywa na sukari guru, ile kwenye chai yako baada ya futari sina neno, kwenye kidonda usiitie.

Kwa walioungua, madaktari wa Mumbai mwaka 2003 waliandika juu ya jani la mgomba lililosafishwa kwa mvuke, linafunikwa juu ya kidonda cha moto. Halinati, likitolewa halimrarui mtoto, na ni rahisi mno. Migomba ya Kisii hiyo hapo. Lakini angalieni neno lililosafishwa. Na kabla ya jani au dawa yoyote, aliyeungua atiwe kwenye maji yanayotiririka, baridi ya kawaida, dakika 20. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia yaacheni jikoni.

Mwenye kisukari naye, hasa mwezi huu wa tende na vitamu, akague nyayo zake kila siku. Ganzi ya kisukari humfanya akanyage msumari asijue. Kidonda cha unyayo wake hakiponi kwa dawa peke yake, kinapona kwa kuondolewa uzito.

Na aliyekwisha kukatwa mguu je? Huko Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi wa kuchonga Ram Chandra Sharma, aliyesoma darasa chache tu, na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa mpira. Miguu ya bandia ya Ulaya ilikuwa ya kuvalia kiatu na kukaa kitini. Huu unapinda, mtu anachuchumaa, anakunja miguu mkekani, anakwenda pekupeku shambani na kwenye matope. Hata Nairobi kumekuwa na karakana ya mguu wa Jaipur. Fikirieni maana yake kwa mtu aliyekuwa akiswalia kitini tangu ajali, siku anaporudi kukaa kwenye mkeka katika safu na wenzake.

Nimalizie na kazi, kwa sababu vyombo vyote nilivyovitaja viko hospitalini, na kati ya shimo la Osiri na hospitali kuna saa ambazo ni zetu sisi. Mtu akinaswa, fukueni kinachombana kwanza, msimvute kwa mguu. Mfupa ukitokeza nje, msiusukume ndani; funikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi. Fungeni mguu kabla ya kumhamisha, na baada ya kufunga mtazame vidole, vina joto, vina hisia? Msimpe chakula wala chai, huenda akapasuliwa. Aliyefunga hapo ametangulia. Akishafika, akiambiwa atundikiwe maji na dawa mchana wa Ramadhan, akubali. Mgonjwa ana ruhusa yake na atalipa siku nyingine. Na tafadhali, mwenye paja lililovunjika msimweke katikati ya wawili kwenye pikipiki. Tafuteni probox, lazeni viti vya nyuma. Familia nazo ziwe zimejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla mtu hajavunjika.

Kifungio chenyewe ni mbao mbili laini zilizopigwa randa. Moja ndefu, kutoka kwapani hadi kisiginoni, ikae upande wa nje. Moja fupi, kutoka kinenani hadi kisiginoni, upande wa ndani. Zivishwe matambara, na vitambaa vipana saba vya kufungia, hakuna kamba ya katani. Mafundi wanaotia mbao mashimoni nawaona hapa. Naomba baada ya tarawehe tubaki nusu saa, tupime seti nne, mbili zikae machimboni, moja msikitini, moja kwa vijana wa stendi ya bodaboda. Vitambaa akina dada wamesema watashona.

Kama kuna swali, karibuni kabla adhana haijaingia.